Makundi ya vijana Orlando mwezi Julai

Dada, umeuliza kama mfute safari ya Julai ya Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Orlando, Marekani, kwa kuogopa makundi makubwa ya vijana wenye fulana za rangi moja. Msifute. Mengi hutoka Brazil, ambako Julai ni likizo ya shule. Januari huja tena.

Kundi hutambulika kwa bendera ya kiongozi wake. Mkikutana nalo kwenye mlango wa foleni, litangulieni au kaeni pembeni liingie lote. Kibaya ni kujikuta katikati: mtatenganishwa, na mtoto mdogo atafuata fulana zisizo zenu. Nyimbo na makofi vumilieni tu, ni furaha yao. Kupenya chini ya kamba kumfuata mwenzao aliyeshika nafasi ndiyo shida hasa. Usigombane na watoto hao. Mwambie mfanyakazi aliye karibu, au mtafute mwenye bendera, maana yeye ndiye wanayemsikiliza.

Chakula msisubiri saa sita. Kila kijana akilipa mwenyewe, foleni hukwama kaunta. Agizeni kwa programu ya simu, muda wa kuchukua uwe saa tano.

Mkilala hoteli ya Disney mnaruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wengine. Tumieni hizo kwa michezo yenye foleni ndefu, mabasi ya makundi hayajashusha watu wengi. Fataki zikiisha usiku, msikimbilie monoreli (treni ya reli moja) wala feri za kuondokea. Subirini nusu saa, umati upungue.