Mkuu, kabla hujaangua hao samaki klauni, una rotifa, vile vidudu vya majini vya kuwalisha vifaranga?

Futa huo mpango wa kiini cha yai. Futa leo. Nimesoma mpaka pale ulipoandika kwamba jozi yako imetaga kwenye kigae, mayai yana siku tatu, na wakitoka utawalisha atemia, vile vikamba vidogo vya maji ya chumvi, na kiini cha yai la kuku. Hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Nilifanya hivyohivyo. Jozi yangu ni allardi, wale klauni wenye mistari miwili wa pwani yetu hii. Siku nilipoona lile tabaka la rangi ya chungwa nyuma ya chungu, nilitangaza nyumba nzima kama nimepata mjukuu. Mbio dukani. Muuzaji, jicho kavu kabisa: "Kaka, hao ni kama vifaranga wa kuku tu, wanakula chochote." Akaniuzia kopo la mayai ya atemia kwa bei ambayo mke wangu haijui mpaka leo. Nawe usimwambie.

Siku ya nane macho yakaanza kung'aa kama fedha ndani ya mayai. Nikazima taa, maana hawatoki kwenye mwanga, nikakaa gizani na mbu wangu. Wakatoka, zaidi ya mia mbili. Nikawaita kwa tochi, nikawachota na bakuli, nikawamwagia atemia tele. Asubuhi wote wanaogelea, mimi napiga picha. Jioni ya siku ya pili wakaanza kuzunguka vichwa chini. Siku ya tatu, chini ya tangi palikuwa na vumbi jeupe kama mtu kamwaga unga wa sembe. Ndio walikuwa hao.

Walikufa njaa katikati ya chakula, mkuu! Atemia aliyeanguliwa leoleo ana karibu nusu milimita. Kifaranga wa klauni mwenyewe ana milimita tatu au nne, mwili mzima. Sasa huo mdomo upige hesabu mwenyewe. Kinachopita hapo ni rotifa, kadudu ka kama 0.2 mm, tena kawe hai, kanacheza mbele ya jicho lake, kwa sababu hawa huwinda kwa kuona. Na rotifa wawe wengi, kama 10 kwa kila mililita ya maji, maana kifaranga hana nguvu za kufukuzia chakula mbali. Atemia anakuja baadaye, wiki hivi ikishapita. Yule wa duka alikuwa na rotifa? Hakuwa nao. Angeniambia vipi, na kopo alitaka litoke?

Kiini nilikijaribu mkupuo wa pili. Kufikia saa sita mchana maji yananuka kama bucha umeme ukikatika. Amonia ikawamaliza wote kabla hata njaa haijapata zamu yake.

Mkupuo wa tatu nilikuwa na rotifa, nikajiona profesa. Ndoo moja, niliyoianzisha siku mayai yalipotagwa. Nikawavuna siku mbili mfululizo, ndoo ikafa usiku, nami nikabaki na vifaranga wanaonitazama.

Kwa hiyo sikiliza: ndoo mbili za rotifa, zimekaa wiki mbili bila kufa, maji yana rangi ya kijani ya mwani wanaoula, ndipo uwaze kuangua. Mbili, kwa sababu moja itakufa tu. Kama huna, acha mayai hapohapo alipo baba yao. Wakitoka usiku wataliwa, ndiyo, inauma. Lakini hao wazazi watataga tena baada ya wiki mbili hivi, na tena, na tena, mpaka utawachoka. Hakuna haraka yoyote.

Mkupuo wa nne nilipata 61. Mistari ilipoanza kuonekana, kama siku ya kumi, mke wangu mwenyewe alikuja kuangalia, yeye aliyekuwa akiita lile tangi kaburi la halaiki.

Uliuliza na habari ya taa, na bei ya kuuza nadhani, au ukubwa wa tangi? Nitarudi. Kama uko upande wa Kigamboni, njoo na chupa tupu ya maji nikupe mbegu ya rotifa. Ila si kwa mayai haya ya siku tatu, usinidanganye.