Baba anasema mapafu ni TB tu, nisomee nini?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Mafinga, nimemaliza form six PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na ndoto yangu ni kuwa daktari bingwa wa mapafu, sasa mzee wangu (anapasua mbao) ananiambia mapafu ni TB tu na dawa zake zinatolewa bure, bingwa wa nini? Halafu napenda kufundisha na kuandika, vinaendana kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mzee msimulie habari za John Crofton, daktari wa mapafu, mzaliwa wa Dublin 1912. Huyu alikuwepo kwenye majaribio ya streptomaisini, dawa ya TB, Uingereza mwaka 1947, wagonjwa wakapata nafuu weee, halafu wengine wakarudi palepale maana wadudu walishaizoea dawa. Alipopewa uprofesa Edinburgh 1952, yeye na wenzake wakawa wanatoa dawa tatu kwa mpigo, tena kwa muda mrefu, bila kuruka. Watu wakapona mpaka madaktari wa kwingine wakabisha kwanza! Ndo maana hata leo hapo zahanati hawatibu TB kwa dawa ya aina moja.

Kuandika sasa. Kastaafu 1977, wewe ungesema anapumzika, kumbe 1992 akiwa na miaka 80 hivi anatoa na wenzake wawili kitabu cha TB cha lugha nyepesi kwa ajili ya wahudumu wa nchi kama yetu, wale wasio na bingwa wa kumuuliza. Mimi hicho ndo nakipenda kuliko uprofesa wake. Kwa hiyo vinaendana sana, cha kuandika unakipata wodini na kwa wanafunzi wanaokuuliza.

Na si TB tu. Kuna pumu, kuna moshi wa kuni kwenye majiko ya baridi zetu hizi za Mufindi na Njombe, kuna vumbi la mawe kwa wachimba dhahabu Chunya, na hilo la mbao analovuta mzee wako mwenyewe.

Njia ni ndefu sikufichi: MD (shahada ya udaktari) miaka 5, intaniship mwaka, magonjwa ya ndani miaka 3, ndo ubobee mapafu. Ila si lazima uanzie Dar, Mbeya udaktari unafundishwa na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wana kituo kinachofanya tafiti za TB, kasogee karibu nao mapema. Na mzee akikohoa zaidi ya wiki 2 mpeleke akapime makohozi, asibishe.