Wakongwe au vijana: nafasi tano za usajili kwa timu ya Katuba

Ndugu wa Katuba, hapa Lubumbashi, umeuliza hivi: timu yenu imepanda daraja, mna pesa ya kusajili wachezaji watano tu, kocha anataka wazee waliokwisha kucheza Linafoot (ligi kuu ya Kongo), kamati inataka vijana wa kuuza baadaye. Nani ana haki?

Naona wote wanagombana juu ya umri kabla ya kutaja nafasi ya uwanjani. Kipa wa miaka 34 na winga wa miaka 34 hawafanani hata kidogo. Robert Kidiaba alitimiza miaka 39 katikati ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2015 akiwa kipa wa taifa, na Kongo yetu (DRC) ikachukua nafasi ya 3 kwa penalti mbele ya Guinea ya Ikweta. Mwaka huohuo klabu yake, TP Mazembe ya hapa Lubumbashi, ikabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Mbwana Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria. Samatta alichukuliwa kutoka Simba ya Tanzania mwaka 2011 akiwa na miaka 18, na akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Uzee ulikuwa langoni, ujana mbele. Na kati ya kumsajili na kumuuza ilipita zaidi ya miaka minne. Kamati inayotaka kuuza kijana baada ya msimu mmoja ipige hesabu upya.

Kipa, beki wa kati na kiungo mkabaji wanaishi kwa macho na sauti. Wakijua mpira utaangukia wapi, hawahitaji kukimbia sana. Winga na beki wa pembeni wanaishi kwa kurudia mbio, na hicho ndicho kitu cha kwanza umri unachokula. Ila angalieni kosa moja ambalo timu zilizopanda hulirudia: kuweka wazee wawili jirani. Beki wa kati wa miaka 33 akiwa na mkabaji wa 34 mbele yake na beki wa pembeni wa 32 ubavuni, mpinzani hana haja ya kujenga mchezo. Anapiga mpira mrefu nyuma yao, dakika ya 65 na kuendelea, mpaka mmoja ashike paja. Mzee asimame karibu na mtu wa mbio, ampangie kwa sauti.

Kumpima mkongwe msitumie mechi ya kirafiki, hapo wote wanang'aa. Mwiteni Jumanne baada ya kucheza Jumapili. Mpeni mbio sita za mita 30, pumziko la sekunde 25 kati ya moja na nyingine, mkipima kwa saa ya simu. Siangalii ya kwanza. Natoa ya kwanza kwenye ya sita, na tofauti ikizidi nusu sekunde, simchukui kwa nafasi yoyote isipokuwa langoni. Kisha akae, anyooshe miguu, mchukue futi ya fundi cherehani na kupima mzunguko wa kila paja, sentimita 10 juu ya ukingo wa pia ya goti. Mguu mmoja ukiwa mwembamba kwa sentimita 2 au zaidi, mara nyingi kuna goti la zamani ambalo halikutibiwa mpaka mwisho na mguu umezoea kujificha. Mwulizeni, na mpelekeni kwa daktari kabla ya kutaja pesa. Mwishoni mrudisheni uwanjani Jumatano asubuhi: anaposhuka ngazi, anapishanisha miguu kama kawaida au anashika ukuta?

Halafu fikirieni mazingira yetu. Kuanzia Mei mpaka Septemba udongo unakuwa mgumu kama sementi, na ukienda Kamalondo, kwenye uwanja wa Mazembe, unakanyaga nyasi bandia. Vyote viwili vinaumiza magoti. Safari ya Kolwezi ni kama kilomita 300 za basi. Mgongo wa miaka 35 hautoki kwenye kiti na kucheza kesho yake kama mgongo wa miaka 20. Kwa hiyo mkongwe msimhesabie mechi zote. Mimi humhesabia mechi mbili kati ya kila tatu, na kama mechi zinafuatana kabla ya siku tatu kupita, moja anakaa benchi.

Mkataba wake uwe wa mwaka mmoja, na mwaka wa pili ujifungue wenyewe akicheza asilimia 60 ya mechi. Pesa ya kusaini iwe ndogo, primu (bonasi) ya mechi iwe kubwa. Zaidi ya yote, msiahidi mshahara ambao hampati. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuandika notisi ya siku 15, na msipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Mkongwe anaijua njia hiyo, kwa sababu ameshaipita. Akiondoka mwezi wa nne wa msimu, mmepoteza uti wa mgongo wa timu na bado mnadaiwa.

Kwa kijana, kazi kubwa iko kwenye karatasi. Hapa kwetu watoto wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Cheti hutoka baadaye kwa hukumu ya mahakama, na tarehe iliyomo ni ile iliyotajwa siku hiyo. Msikidharau, lakini msikiache peke yake. Tafuteni buletini (ripoti ya matokeo) yake ya shule ya msingi na leseni yake ya kwanza ya mpira wa watoto. Ulizeni tarehe za ndugu zake wa mama mmoja: mkikuta wawili wamepishana miezi mitano, mnajua la kufanya. Mazembe yenyewe, ikiwa bingwa mtetezi, iliondolewa kwenye Ligi ya Mabingwa 2011 baada ya Simba kulalamikia uhalali wa Janvier Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunis. Kama karatasi ziliiangusha klabu ya ukubwa ule, ya kwenu itapona vipi?

Kwa kanuni za FIFA, aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba unaozidi miaka mitatu, na hahami nchi isipokuwa kwa ruhusa chache sana zilizoandikwa. Wakala anayewaambia atampeleka Ndola, Zambia, mtoto wa miaka 16 mwezi ujao, mfungieni mlango.

Sasa faida, kwa sababu kamati inaizungumza bila kuihesabu. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23. Mkikaa naye tangu 14 mpaka 17, miaka minne, fungu lenu ni asilimia 1.5. Kwenye uhamisho wa dola milioni moja ni dola 15,000. Bila leseni iliyosajiliwa kila msimu, fungu hilo hamtalipata, hata mtaa mzima ukishuhudia kwamba alikua kwenu. Akiuzwa Kinshasa msitegemee mgao huo. Andikeni wenyewe kwenye mkataba kwamba asilimia 20 ya mauzo yajayo inarudi kwenu.

Kumtumia: dakika 15 hadi 20 kwa mechi sita, kisha aanze nyumbani, kisha ugenini. Msianzishe wanne siku moja. Na mpeni chakula. Vijana wengi wanakuja mazoezini wamekula bukari (ugali) mara moja tangu jana, halafu kocha anasema hawana pumzi. Sahani ya bukari, maharagwe na samaki kila siku ya mazoezi inamjenga kuliko pesa ya kusaini, ambayo itaishia kwa wajomba wiki hiyohiyo.

Kwa nafasi zenu tano ningefanya hivi. Kipa mkongwe. Beki wa kati wa miaka 30 na kidogo, mwenye sauti. Winga wawili wasiozidi 20, mmoja awe wa mguu wa kushoto, kwa sababu hao ni adimu na wanauzika. Nafasi ya tano, kiungo mkabaji, tafuteni wa miaka 24 mpaka 27, asimame mbele ya yule beki mzee, akimbie kwa niaba yake. Mshambuliaji wa kati msimnunue sasa. Wa bei yenu waliobaki sokoni ni wale ambao wengine wameshawakataa. Ngojeni dirisha la katikati ya msimu, wakati timu kubwa zinatoa kwa mkopo vijana wasiopata dakika, na ombeni klabu yake iendelee kulipa nusu ya mshahara.

Kipa msajilini kwanza, wiki hii kama mnaweza, ili beki na mkabaji wajifunze sauti yake kabla ligi haijaanza.