Kambi ya elki Colorado: usifike Ijumaa

Ndugu yangu, nimekuelewa. Wenzako wa kazini wamekualika kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa Marekani, msimu unafunguliwa Jumamosi, nawe unauliza kama kufika Ijumaa jioni kunatosha. Hakutoshi. Fika Jumatano.

Tatizo ni mwinuko. Kambi nyingi kule ziko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na wewe unatoka Houston, mji wa tambarare karibu na bahari. Mwaka wangu wa kwanza nilipasua magogo matano tu, kichwa kikagonga kama ngoma, hata chai ikanishinda. Siku mbili za mwanzo kunywa maji, tembea pole pole, pombe waachie wenyewe. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umekaa, usingoje kukuche: mwombe mwenzako akushushe usiku huohuo, ukamwone daktari.

Kabla ya kupiga hema tazama juu, mti mkavu ukianguka hauulizi. Kama mna jiko la kuni ndani, acheni upenyo wa hewa na mtundike king'ora cha kaboni monoksidi, maana gesi hiyo haina harufu. Chakula kikae mbali na hema, dubu wapo.

Bunduki ipime shabaha kwenye uwanja wa kulengea kabla hujapanda mlima. Kizibao na kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa ni sheria, si pambo. Na kama umezaliwa 1949 au baadaye, bila cheti cha mafunzo ya uwindaji hupati leseni, hilo limalize leo.

Ijumaa jioni chukua darubini ukakae ng'ambo ya bonde uwatazame elki. Usikae juu yao: hewa ikipoa huteremka, na harufu yako nayo.