Maswali na Majibu ya Kompyuta: Programu ya Barua Pepe Inapoganda

Natumia Thunderbird kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi. Nikibofya Inbox, dirisha linapauka na kuandika "Not Responding", nasubiri dakika mbili ndipo lizinduke. Nimeiondoa programu na kuiweka upya, hali ni ile ile. — Mhasibu, Moshi

Kuiondoa na kuiweka upya hakusaidii, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye programu. Barua, akaunti na mipangilio yako vinakaa kwenye folda nyingine kabisa iitwayo profaili, nayo haiguswi unapoiondoa Thunderbird. Programu mpya inakuja kusoma mafaili yale yale yaliyoichosha ya zamani.

Ifungue folda hiyo: bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles, kisha Enter. Ndani ya profaili utakuta folda ya Mail au ImapMail, pengine zote mbili. ImapMail ni ya akaunti za IMAP, ambazo barua zake ziko pia kwenye seva. Mail ni ya akaunti za POP na zile "Local Folders", na huko nakala iliyomo kwenye mashine yako huenda ndiyo pekee duniani. Kwa hiyo funga Thunderbird, nakili profaili nzima kwenye diski ya nje, ndipo uanze kazi. Tafadhali usiiruke hatua hii, hasa kama ofisi yenu haina UPS, ile betri inayoishika kompyuta umeme ukikatika.

Sasa tazama faili liitwalo Inbox, lile lisilo na nukta wala herufi nyingine mwishoni. Barua zote za kikasha zimo humo, zimeunganishwa moja baada ya nyingine. Ukifuta barua, haitoki. Inawekewa alama tu kwamba imefutwa. Ndiyo maana kikasha kinachoonyesha barua mia tatu kinaweza kuwa na faili la GB 6. Kando yake kuna Inbox.msf, faharasa inayoiambia programu kila barua iko wapi. Umeme ukikatika faharasa ikiwa inaandikwa, inabaki imeharibika, na ukibofya kikasha Thunderbird inahangaika kuijenga upya. Huko ndiko kuganda kwenyewe.

Anza kwa kulibana faili: bofya Inbox kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Compact", kisha fanya vivyo hivyo kwa Sent, Trash na Junk. Programu huandika faili jipya lisilo na barua zilizofutwa kabla ya kuliondoa la zamani, kwa hiyo diski iwe na nafasi tupu isiyopungua ukubwa wa folda hiyo. Usiikatize, hata ikionekana imelala. Ikimaliza, bofya tena folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Repair Folder"; hapo faharasa inajengwa upya. Kwenye akaunti ya IMAP hatua hii inaweza kupakua upya barua za folda nzima, basi usiifanye ukiwa unatumia bando la simu.

Ikiendelea kuganda kila barua mpya inapoingia, chunguza programu ya kuzuia virusi. Barua moja tu ikiongezwa, faili zima la Inbox linahesabika limebadilika, na kinga inalikagua lote upya. Kibaya zaidi, ikikuta kirusi ndani ya barua moja inaweza kulifungia Inbox zima. Kwenye mipangilio ya Thunderbird, sehemu ya "Privacy & Security", weka tiki kwenye "Allow antivirus clients to quarantine individual incoming messages", ili kila barua ya akaunti ya POP ikaguliwe peke yake kabla ya kuunganishwa na nyingine. Halafu iambie kinga isiikague folda ya profaili. Viambatisho bado vitakaguliwa utakapovihifadhi nje ya profaili.

Na kama kinachoganda ni utafutaji, funga programu, futa faili global-messages-db.sqlite ndani ya profaili, kisha fungua tena. Litajengwa lenyewe. Siku ya kwanza mashine itakuwa nzito. Iache iwake wakati wa chakula cha mchana.

Outlook inaganda kila asubuhi ninapoifungua. Fundi anataka kulifuta faili la data ili ianze upya. Nimruhusu? — Katibu muhtasi, Arusha

Usimruhusu bado. Nenda "File", "Account Settings", "Data Files", usome jina la faili mpaka herufi za mwisho. Likiishia na .pst, ndilo lenye barua zenyewe, halifutwi. Likiishia na .ost, ni nakala ya yaliyoko kwenye seva, na linaweza kujengwa upya. Lakini hata hapo kuna mtego: kwa akaunti ya IMAP, kalenda na anwani zenye maneno "This computer only" zimo ndani ya .ost hilo na haziko kwenye seva. Zitoe kwanza. Angalia pia Outbox isiwe na barua ambayo haijatoka.

Kabla ya yote hayo, jaribu hili: Windows na R, andika outlook.exe /safe, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju. Ikifunguka bila kuganda, kosa liko kwenye programu-jalizi, yaani vile viprogramu vya ziada vinavyojipachika ndani ya Outlook. Nenda "File", "Options", "Add-ins", kisha "Go", uzizime zote na kuziwasha moja moja, ukifunga na kufungua Outlook kila mara. Ukifika kwenye ile inayoigandisha utaijua.

Ikiganda hata hapo, faili la data linahusika. Faili la .pst unalinakili kwanza, halafu unalitengeneza kwa SCANPST.EXE, iliyomo kwenye folda ya Office. Irudie mpaka isione kosa. La .ost badili jina tu, usilifute, kisha fungua Outlook. Kama ni akaunti ya Exchange au Microsoft 365, shusha kwanza muda wa barua zinazohifadhiwa kwenye mashine hadi miezi 3, la sivyo sanduku la GB 10 litashuka lote na bando litaisha. Outlook za sasa huruhusu faili hadi GB 50, ila kwenye diski ya kuzunguka utaanza kuumia mapema sana kabla ya hapo.

Nikituma kiambatisho cha MB 20 kwa Gmail kupitia Thunderbird, inakwama mwishoni, "Copying message to Sent folder". Mwenzangu ameshaipokea! — Mwalimu, Mombasa

Kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe huongezeka kwa theluthi hivi, kwa hiyo MB 20 zinakuwa karibu 27. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 1 kwa sekunde, hizo ni dakika tatu na nusu. Kisha Thunderbird inazipandisha tena mara ya pili ili kuweka nakala kwenye Sent. Seva ya Gmail huweka nakala hiyo yenyewe, basi mara ya pili haina kazi: "Account Settings", "Copies & Folders", ondoa tiki kwenye "Place a copy in". Bando nalo litapona.

Nikiongeza RAM itaacha kuganda? — Msomaji, Dodoma

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc wakati imeganda, utazame safu mbili, Memory na Disk. Memory ikiwa juu ya asilimia 90, ndiyo, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, itasaidia. GB 4 hazitoshi kwa Windows ya leo na kivinjari kikiwa wazi. Lakini mara nyingi kinachofika 100 ni Disk, na hapo RAM pekee haitabadilisha mengi. Badili diski ya kuzunguka uweke SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, ambayo karibu kila kompyuta ya mezani ya zamani inaikubali. Mwambie fundi ahamishe diski nzima kama ilivyo, na ile ya zamani ikae kabatini mpaka uhakikishe barua zote zinafunguka.