Kabla hujafunga supachaja kwenye Mustang yako hapa Dodoma

Wiki iliyopita nilikuwa kituo cha mafuta pale Kisasa, kijana mmoja akanifuata. "Shikamoo kaka. Nasikia hili lako lina supachaja." Marahaba, nikamwambia, linayo. Kumbe naye kanunua Ford Mustang GT ya 2016, usukani kulia, limetokea Uingereza. Ameshaweka akiba, anataka kuagiza. "Nataka ya paundi kumi," akasema.

Tulikaa kivulini karibu saa nzima. Yote niliyomwambia nayaandika hapa, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu hilo neno "paundi", kipimo cha presha ya hewa ambayo supachaja inaongeza, ndilo lililoniulia injini.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, wakati tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Injini ikikimbia nayo inakimbia, inasukumia silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni zingevuta zenyewe. Hewa ikiongezeka, kompyuta inaongeza petroli, na nguvu inapanda. Ukikanyaga, gari linaitika hapo hapo. Philander na Francis Roots, ndugu wawili wa Marekani, walipata hataza ya pampu ya namna hii mwaka 1860, magari ya petroli yakiwa bado hayajazaliwa. Baadaye ndege zikaihitaji sana, kwa sababu ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na injini inakosa pumzi.

Sisi wa Dodoma tunaishi na kipande cha shida hiyo ya ndege. Mji wetu uko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Pwani, presha ya hewa ni paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Huku kwetu ni kama 12.9, pungufu ya asilimia 12 hivi. Mustang GT ya 2015 hadi 2017, ile V8 (silinda nane) ya lita 5.0, kwa vipimo vya Marekani ina nguvu za farasi 435. Liendeshe hapa mjini bila kuliongezea kitu, tarajia kama 380. Nimeona watu wakibadilisha plagi, wakibadilisha kituo cha mafuta, wakigombana na mafundi, wakati gari halina ubovu wowote.

Kwa hiyo nakubali kabisa kwamba supachaja inatufaa watu wa huku juu. Nilipofunga yangu, mara ya kwanza kuliondoa gari nilikaa kimya dakika nzima kwa furaha. Sitamkatisha mtu tamaa.

Ila sikiliza hii hesabu, maana hakuna aliyenifundisha. Supachaja haina paundi zake yenyewe. Inazidisha hewa iliyoikuta, na puli, lile gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda, ndiyo inayoamua izidishe mara ngapi. Seti yangu ilikuwa imeandikwa paundi 8. Hizo ni 8 za pwani: 14.7 inakuwa 22.7, yaani mara 1.54. Ukiichukua hiyo mara 1.54 ukazidisha na 12.9 yetu unapata karibu 19.9. Toa 12.9 ya hewa ya kawaida, geji inasoma 7. Gari zima, seti nzima, mkanda hautelezi, lakini geji ya Dodoma inasoma 7.

Mimi nilipoiona hiyo 7 nikaona nimepunjwa. Nikamwambia fundi nataka 8 niliyoilipia. Akatafuta puli ndogo zaidi ili supachaja izunguke kwa kasi kubwa, tukaipata 8. Injini ilikuwa haitoi mlio wa kugonga hata kidogo, basi akalisogezea na cheche mbele kidogo, yaani plagi ziwashe mapema zaidi. Data yote tuliirekodi hapa hapa Dodoma, usiku, hewa ikiwa imepoa. Ilipendeza kuitazama.

Wiki mbili baadaye nikashuka Dar es Salaam. Kibaigwa, Gairo, halafu ule mteremko wa kwenda Dumila, Morogoro, Chalinze. Kila kilomita baada ya Gairo hewa inazidi kuwa nzito, na mimi nilikuwa nafurahi kwamba gari linazidi kuchangamka. Kumbe ile puli yangu ilikuwa inazidisha mara 1.62. Huku juu 12.9 ilikuwa inageuka 20.9. Usawa wa bahari, 14.7 inageuka 23.8, na geji inapita 9. Usiitazame hiyo 9 peke yake, tazama jumla: silinda zilikuwa zinapokea hewa zaidi kwa karibu asilimia 14 kuliko usiku ule tuliopima. Kompyuta ilikuwa inasoma sehemu za ramani yake, yaani jedwali lake la petroli na cheche, ambazo gari halijawahi kuzifikia Dodoma, na hakuna aliyewahi kuzikagua.

Ilikuwa mbele ya Chalinze, saa nane mchana, joto kali. Nikalipita lori kwenye gia ya tatu, mguu mpaka mwisho. Nikasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo la bati. Sekunde tatu au nne tu. Nilipotoa mguu, kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa moshi wa bluu.

Gereji walipima mgandamizo: silinda saba zikasoma karibu sawa, moja ikasoma chini ya nusu. Kufungua, ukingo wa pistoni unaoshikilia ringi umevunjika. Hiyo ndiyo kazi ya kugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli unawaka wenyewe kwa kishindo kabla moto wa plagi haujaufikia, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Pistoni za GT hizi za 2015 hadi 2017 zimesubiwa kwenye kalibu, hazikufuliwa, na mgandamizo wa injini ni 11 kwa 1 tangu kiwandani. Kuanzia 2018 ni 12 kwa 1. Injini hiyo ilibuniwa kuvuta hewa yenyewe. Tofautisha na Dodge Challenger SRT Hellcat iliyotoka 2015 na nguvu za farasi 707: ile ilizaliwa na supachaja, na pistoni zake zimefuliwa. Mtu akikuonyesha Hellcat kama ushahidi kwamba V8 za Marekani zinavumilia chochote, mwambie akafungue zote mbili atazame ndani.

Miezi kadhaa Dar nilikwenda kwa treni ya umeme. Nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza dirishani, na kosa nililiona ni langu. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na ile puli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukishindwa kuufuata huu mingine haitakusaidia: chagua puli kwa hesabu ya sehemu ya chini kabisa utakayofika na gari lako, na data ya mwisho irekodiwe huko chini, mchana, kwenye joto. Ukirudi Dodoma geji itasoma pungufu. Iache isome pungufu. Gari lililopimwa Dar likija Dodoma linakuwa na nafasi ya kupumua; lililopimwa Dodoma likienda Dar halina. Na usiniambie wewe huendi pwani. Siku utakayoliuza, mnunuzi atatoka Dar.

Pili ni joto. Hewa ukiibana inapata moto, kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli anajua. Chukua hewa ya nyuzi 35 ya mwezi wa kumi na moja, ibane mara 1.54, inatoka ikiwa inakaribia nyuzi 100. Ikiingia hivyo kwenye silinda, unaomba kugonga. Ndiyo sababu ya intakula, kifaa cha kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda. Kwenye seti nyingi za kukaa juu ya injini, intakula inapozwa kwa maji yenye rejeta yake ndogo mbele na pampu yake ya umeme. Pampu hiyo ikifa, huoni taa yoyote kwenye dashibodi. Gari linaendelea kutembea huku hewa ikizidi kuchemka. Mimi kila Jumamosi asubuhi nafungua kifuniko cha tangi lake, nawasha, naangalia kama maji yanazunguka. Nusu dakika tu.

Na maji yenyewe! Wote tunayajua maji ya visima vya Dodoma, sufuria na birika zinatuambia. Chokaa ile ikiganda ndani ya vijia vyembamba vya intakula hakuna wa kuitoa. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, lakini hakikisha ni maji matupu na si asidi, uchanganye na kulanti.

Tatu ni vumbi. Seti nyingi zinakuja na chujio la wazi lenye umbo la pia, linapendeza ukifungua boneti, na mlio wake ni mtamu. Kiangazi chetu na upepo wake hakilihurumii. Supachaja inavuta hewa nyingi, maana yake inavuta na vumbi jingi, na unga ule mwembamba ukipita unasaga ringi polepole. Tafuta boksi lililofungwa, chujio kavu la karatasi. Yale ya kupaka mafuta, ukizidisha kidogo tu, mafuta yanakwenda kuganda kwenye sensa ya hewa na kompyuta inaanza kudanganyika. Mimi nyumbani kwangu kuna kipande cha barabara ya vumbi cha kilomita moja hivi. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba chujio nalikagua kila wiki mbili.

Petroli: gari lipimwe kwa petroli mbaya kuliko zote utakazokutana nazo njiani, maana utaishiwa siku moja mahali usipopachagua. Usimruhusu fundi aweke chupa ya kuongeza okteni siku ya kupima, halafu wewe ukaendeshe bila hiyo chupa. Nozeli kubwa za kupulizia petroli na pampu ya mafuta yenye uwezo viwemo kwenye seti. Seti ya bei rahisi isiyo navyo si rahisi, ni nusu. Plagi nazo ziwe za baridi zaidi, yaani zinazotoa joto haraka, kwa hatua moja, pengo lake libanwe kidogo. Boliti ya puli ya krenki kwenye injini hii ni ya kutumia mara moja, ikifunguliwa, mpya.

Aina ipi? Roush na Whipple zinakaa juu ya injini na zinakupa nguvu tangu chini. Vortech na ProCharger zinakaa pembeni, nguvu inakuja kadiri mizunguko inavyopanda. Yangu ni ya juu. Leo ningechukua ya pembeni, kwa sababu maisha ya gari la Dodoma ni matuta, mizunguko ya barabarani na foleni ya jioni, na kwenye mwendo huo supachaja ya pembeni inaiacha injini karibu na ilivyotoka kiwandani, joto linakuwa dogo. Mwenye mawazo tofauti simpingi.

Bei sitaki kukuficha. Seti kamili huko Marekani mara nyingi inaangukia kati ya dola 7,000 na 10,000, hapo bado usafiri, ushuru na fundi. Ongeza mikanda miwili ya akiba, maana ukikatika hutaukuta dukani hapa, na geji ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ongeza breki na matairi. Hivyo tafadhali vitangulie supachaja. Hizi barabara zetu zina mbuzi, zina watoto wanaotoka shule, na kwenye makazi kikomo ni 50. Bima waambie kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa.

Injini yangu sasa ina pistoni za kufuliwa, puli ya kwanza imerudi mahali pake, na geji inasoma 7. Kijana wa Kisasa alichungulia akaniuliza kwa nini ni 7 na seti imeandikwa 8. Nikachukua karatasi ya risiti ya mafuta, nikamwandikia zile hesabu.

Jumamosi hii tunashuka wote Morogoro na gari lake likiwa halijafungwa kitu. Tutaunganisha kompyuta, tutembee mwendo wa sheria, turekodi joto la hewa na jinsi kompyuta inavyochelewesha cheche, mchana wakati wa kwenda na jioni wakati wa kurudi. Gari likiwa linagonga hata kabla ya supachaja, tutajua kabla hajatuma hela.