Maswali na Majibu: Shajara ya Babu Isomwe na Nani?

SWALI

Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Mikindani, mkoani Mtwara. Babu yetu mzaa baba alikuwa karani wa stoo Nachingwea wakati wa mpango wa karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, kisha akarudi nyumbani kulima minazi hadi alipofariki dunia mwaka 1979. Ameacha shajara, madaftari matatu ya Kiswahili yanayoanzia mwaka 1948, ambayo shangazi ameyatunza miaka yote katika sanduku lake la mninga. Mdogo wangu anataka kuyaweka kwenye intaneti kidogo kidogo, ili watu wa kusini wasome habari zao wenyewe. Shangazi amekataa, anasema maneno ya marehemu ni amana na humo mna mambo ya watu. Nimekuletea picha ya ukurasa mmoja. Je, tunayo haki ya kuyatoa hadharani, na tuanzie wapi?

Mjukuu, Mikindani

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naomba nianze na shangazi yako, kwa sababu yeye ndiye aliyeyafikisha madaftari hayo salama hadi leo, na pingamizi lake lina uzito. Maoni yangu ni kwamba shajara ya babu yenu inafaa kusomwa na watu wengi, na kwamba hofu ya shangazi ndiyo itakayowaonyesha namna ya kuitoa. Msimzunguke, wala msisubiri asafiri ndipo mpige picha.

Thamani ya madaftari hayo ni kubwa kuliko inavyoelekea mnadhani. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga mwaka 1947 kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na maeneo matatu yakachaguliwa hapa kwetu, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ni kwa ajili ya mpango huo bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ikatandazwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya habari hizo imetoka kwa wakubwa: ripoti, hesabu za hasara, mijadala ya Bunge la London. Karani Mwafrika aliyekaa na daftari lake jioni na kuandika kwa Kiswahili mambo aliyoyaona stoo ni shahidi adimu.

Nimeutazama kwa makini ukurasa ulioniletea. Juu kuna tarehe kwa wino, chini yake habari ya mvua, kisha idadi ya magunia yaliyoshushwa na majina ya vibarua ambao hawakufika kazini. Pembeni, kwa penseli, babu amejumlisha fedha: kitenge cha mkewe, mchele, nauli ya mtu wa kumpelekea barua mama yake. Hesabu hiyo ya pembeni haina sababu ya kuachwa. Msomaji wa leo atajifunza kutokana nayo mshahara ulikwendaje na mtu wa kusini alibeba mzigo wa nani, mambo ambayo hayakuingizwa katika ripoti za wakubwa.

Kuhusu haki, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Madaftari yenyewe, kama vitu, ni sehemu ya mirathi ya babu, na kukaa kwake kwa shangazi hakumfanyi awe mmiliki wa pekee, kama ambavyo mdogo wako hawi mmiliki kwa kuwa na simu yenye kamera nzuri. Maandishi yaliyomo yana ulinzi wa pili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi hulindwa katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kuwa babu alifariki mwaka 1979, ulinzi huo unafika mwaka 2029, na hadi wakati huo haki zimo mikononi mwa warithi wake. Kwa hiyo iteni kikao cha ukoo, wakiwamo walioko Dar es Salaam na kwingineko, mkubaliane kwa maandishi mafupi kwamba shajara itatolewa, nani atasimamia, na nani ana neno la mwisho ukurasa ukizua ubishi. Mimi ningempa shangazi neno hilo la mwisho.

Sasa nije kwenye mambo ya watu, kwani hapa ndipo penye kazi. Mtu anapoandika shajara huandika pia habari za majirani zake, nao hawakuombwa ridhaa. Katika mji kama Mikindani, ambako mtu hutambuliwa kwa jina la babu yake na mtaa wake, mstari mmoja unaosema kwamba fulani alikopa akakana, au fulani alikuwa na ukoma, au mtoto fulani hakuzaliwa ndani ya ndoa, unawafikia wajukuu waliopo hai wanaoswali msikiti mmoja nanyi. Liko jambo zito zaidi. Pwani yetu ilibeba biashara ya watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922; mtu aliyeandika mwaka 1948 aliwafahamu wazee waliozaliwa utumwani na waliowamiliki, na huenda amewataja kwa asili zao bila nia mbaya, kwa sababu ndivyo watu walivyotambulishana. Kulitoa neno kama hilo leo kwenye intaneti bila kuzungumza na ukoo unaohusika ni kumfungulia mtu jeraha mbele ya watu asiowajua.

Kwa sababu hiyo, kabla hamjatoa hata ukurasa mmoja, someni madaftari yote matatu hadi mwisho mkiwa pamoja na shangazi, yeye akiwaeleza nani ni nani. Mtakuta kurasa nyingi hazina tatizo lolote: mvua, bei, safari, ibada, mazishi. Mtakuta nyingine zinazohitaji kuombewa ruhusa, na hapo nendeni kwa familia husika mkawasomee maneno yenyewe, msiwapelekee muhtasari. Nimeona mara nyingi kwamba watu hufurahi kusikia babu yao ametajwa, na huja na picha na masimulizi ya kujazia. Zitabaki chache ambazo hazifai kutoka kwa sasa. Mnapoficha jina, wekeni alama inayoonyesha kwamba jina limefichwa. Msibuni jina lingine, kwa sababu baada ya miaka kadhaa hakuna atakayejua lipi la kweli na lipi la kutungwa. Na katika daftari lenyewe msifute wala msikate kitu. Kumbukeni pia kwamba mtoto aliyetajwa mwaka 1950 anaweza kuwa hai na umri wa miaka sabini na ushei, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa taarifa za afya uzito wa pekee.

Katika kunakili, andikeni alivyoandika. Kama babu aliandika neno kwa tahajia ya zamani au kwa matamshi ya Kimakonde, liacheni hivyo. Maelezo yenu yawekwe chini, yakitengwa wazi na maneno yake. Palipofutika pasijazwe kwa kubahatisha, bali pawekwe mabano ya mraba. Picha ya ukurasa ikae karibu na nakala, ili msomaji mwenye macho makali kuliko yenu aweze kuwasahihisha. Mdogo wako asitegemee kurasa za mitandao ya kijamii peke yake, kwani akaunti hufungwa na picha hupunguzwa ubora. Faili halisi ziwe katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na nakala moja muipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Wekeni pia njia ya wazi ya kuwafikia, na mtu akiomba jina la mama yake liondolewe, liondoeni kwanza ndipo mzungumze.

SWALI

Mhariri, shikamoo. Baba wa bibi yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililokwenda Kilwa na Unguja kutoka hapa Lindi. Kitabu chake cha safari kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Rafiki yangu amenisomea kurasa chache ili niziweke kwenye intaneti, lakini tarehe hazikubaliani na siku za wiki. Je, nahodha alikosea?

Kitukuu, Lindi

JIBU

Marahaba. Sidhani kama alikosea. Kwa hesabu yetu ya pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo tukio la usiku wa Ijumaa lilitokea siku ambayo kalenda ya ofisini inaiita Alhamisi. Mwaka wa Hijria nao ni mfupi kwa takriban siku 11, na haulingani na mwaka mmoja wa Kizungu: mwaka 1340, kwa mfano, ulianza Septemba 1921 na ukamalizika Agosti 1922. Tena mwezi ulipoandama kwa kuonekana, Lindi na Unguja waliweza kupishana siku moja. Ukikuta siku zimehesabiwa kwa makumi, basi huyo anatumia hesabu ya mabaharia inayoanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya wa jua, ambayo ilimsaidia kujua majira ya pepo za kusi na kaskazi. Weka tarehe yake kama ilivyo, kisha ongeza tarehe ya kalenda ya ofisini ukitanguliza neno "takriban".

Usomaji wenyewe uthibitishwe na mtu wa pili. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya *b* kwa *p* na *mb* pia, na ya *f* kwa *v*, na hapo jina la mtu au la bandari hupotea kwa urahisi. Mwalimu wa madrasa mwenye umri, anayezijua hati za wazee, atakusaidia kuliko kijana hodari wa Kiarabu cha shuleni, maana anayajua na majina. Ukikwama, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa miswada ya namna hiyo na wataalamu wa Kiswahili waliozoea kuisoma.

SWALI

Fundi mmoja hapa Mtwara amenishauri niyapige laminesheni makaratasi ya marehemu mama kabla ya kuyapiga picha. Ni sawa?

Msomaji, Mtwara

JIBU

Usiyapige. Kwa moto wa mashine plastiki huungana na karatasi moja kwa moja, na makaratasi hayo hayatatenganishwa tena. Selotepu nayo huacha gundi inayogeuka kahawia. Piga picha mchana karibu na dirisha, jua lisipige moja kwa moja na taa ya kamera ikiwa imezimwa, simu ikiwa sambamba na karatasi. Anza na jalada, usiruke hata kurasa tupu. Ondoa pini zenye kutu taratibu. Kisha yafunge kwa bafta safi, uyaweke ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu na mbali na ukuta, na ulifungue kila baada ya wiki chache kuangalia mchwa na unyevu, hasa wakati wa masika.